Barometa inashuka kila alasiri na mvua hainyeshi: ni mbovu au ndivyo ilivyo?

Mpenda_Mawingu (Kigamboni)

Wakuu, habari za leo. Nina kituo kidogo cha hali ya hewa cha nyumbani, vile vyenye kioo cha mezani na kipimo cha nje kisicho na waya. Nyumba iko kama mita 15 juu ya usawa wa bahari. Joto na unyevu havinisumbui, kinachonitatiza ni mgandamizo wa hewa. Mvua iwepo isiwepo, kila siku namba zinakaribia hizi:

saa 4 asubuhi: 1014.5 hPa (hektopaskali, kipimo cha mgandamizo)
saa 10 jioni: 1011.4
saa 4 usiku: 1013.6
saa 10 alfajiri: 1012.3

Alasiri kioo kinachora wingu la mvua kwa kuwa mgandamizo umeshuka, na hakuna hata tone. Ikifika saa 4 usiku kinachora jua!

Naomba kueleweshwa: kihisi ni kibovu? Kinadanganywa na joto la mchana? Na kama ndivyo hewa ilivyo, huku kwetu barometa inamsaidia nini mtu?

---

Kusi_na_Kaskazi

Kifaa chako kizima, mkuu. Kwenye tropiki hewa inajaa na kupwa mara mbili kwa siku kama maji ya pwani, tofauti ni kwamba saa zake hazihami. Kilele huwa karibu na saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Inafika chini kabisa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Alexander von Humboldt, aliyezunguka Amerika ya Kusini kuanzia 1799, aliona mwendo huu ukiwa wa uhakika kiasi kwamba mtu angeweza kukadiria saa kwa kutazama barometa.

Chanzo ni jua, ila si joto la kwenye bati la nyumba yako. Mvuke wa maji hunyonya mionzi ya jua katika tabaka la chini la angahewa, na ozoni huinyonya huko juu, kilomita 30 hadi 60. Hewa inayopashwa hivyo kila siku hutoa mawimbi yanayoizunguka dunia yakilifuata jua. Liko wimbi la saa 24 na liko la saa 12. Ungetarajia la saa 24 ndilo litawale, maana jua huchomoza mara moja kwa siku, lakini sehemu kubwa ya nguvu zake hukwama hukohuko juu au hujifuta yenyewe kabla ya kufika ardhini. La saa 12 ni refu sana kwenda juu, kwa hiyo msukumo wa ozoni wa tabaka zima hujumlishana na kufika hadi kwenye meza yako.

Karibu na ikweta wimbi la saa 12 peke yake hupanda na kushuka kama hPa 1.2 kila upande wa wastani. Ukielekea kwenye ncha za dunia linapungua haraka: London ni kama 0.3 tu, na huko vimbunga vya baridi vinavyopita hubadilisha mgandamizo kwa hPa 20 au 30, kwa hiyo hakuna anayeliona. Kwetu ni kinyume. Wimbi ni kubwa na mabadiliko mengine ni madogo.

Mbona alasiri inashuka zaidi kuliko alfajiri? Hapo wimbi la saa 24 linajiongeza: linasukuma juu asubuhi na kuvuta chini jioni. Bara, ambako ardhi hupata joto sana, anguko la kutoka saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni linaweza kufika hPa 4.

Wingu la kwenye kioo lipuuze. Programu hiyo imeandikiwa nchi ambazo mgandamizo ukishuka hPa 2 au 3 kwa saa chache mvua kweli iko njiani. Ingia kwenye mipangilio utafute kiwango cha mabadiliko. Vifaa vingi vinakupa 2, 3 au 4. Weka 4. Michoro itapungua kubadilika, ingawa haitakuwa na akili zaidi.

---

Bamvua

Kujaa na kupwa mara mbili kwa siku, si mwezi huo?

---

Kusi_na_Kaskazi

Hapana. Maji ya bahari huchelewa kama dakika 50 kila siku kwa kuwa yanaufuata mwezi. Angalia grafu ya barometa ya wiki mbili: kilele kiko palepale saa 4, mwezi uwe mchanga au mpevu. Wimbi la mwezi kwenye hewa lipo, lakini hata kwetu halifiki sehemu moja ya kumi ya hPa. Katika karne ya 19 Edward Sabine alilipata kwenye vipimo vya kisiwa cha St Helena, na ilibidi kupiga wastani wa vipimo vingi sana ndipo lionekane.

Jambo moja ambalo wengi husahau: wimbi linafuata saa ya jua ya mahali ulipo. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo 45, Dar iko 39 na kidogo, kwa hiyo jua la Dar liko nyuma ya saa ya ukutani kwa dakika 23 hivi. Mwanza ni karibu dakika 48. Mtu wa Mwanza akiona kilele saa 4 na nusu asubuhi asidhani saa yake imeharibika.

---

Ziwa_Magharibi (Mwanza)

Nyongeza kwa walio juu: Mwanza, Dodoma, Arusha, Nairobi, Kigali. Huku mtego ni ule wa kupeleka namba kwenye usawa wa bahari.

Mwanza iko kama mita 1,140, na mgandamizo halisi ni karibu hPa 887. Kwanza, barometa nyingi za ukutani zimechorwa kuanzia 950 au 960 hivi, kwa hiyo mshale unalala chini na skrubu ya nyuma haiwezi kuvuta hPa mia moja. Usinunue kabla ya kusoma namba za pembeni mwa uso wake.

Pili, vituo vya kidijiti huongeza kwa hesabu zile hPa 126 hivi zinazopungua ili namba ifanane na ya usawa wa bahari, na baadhi hutumia joto la wakati huohuo. Kwa urefu huu, kosa la nyuzi 10 za joto linabadilisha jibu kwa karibu hPa 4.5. Mchana wa joto hesabu inaongeza kidogo kuliko usiku, basi anguko la alasiri linaonekana mara mbili ya lilivyo. Hapo ndipo swali lako la pili, la joto kudanganya, linakuwa na ukweli. Kwa Kigamboni, mita 15, kosa hilo halifiki hata 0.1. Wa bara wote: chagueni kuonyesha mgandamizo wa kituoni, usiorekebishwa, na muufuatilie huo.

Kulinganisha na uwanja wa ndege tumieni METAR, yaani ripoti za hali ya hewa za viwanja vya ndege. Alama zake: HTDA Dar, HTMW Mwanza, HKMO Mombasa. Namba inayoanza na Q, mfano Q1013, ndiyo mgandamizo. Ina mambo mawili. Hukatwa kwenda chini, yaani 1013.9 huandikwa 1013, kwa hiyo usisahihishe kifaa chako kwa ripoti moja. Chukua ripoti za siku nzima, piga wastani, ongeza 0.5, ndipo ulinganishe na wastani wa kifaa chako. Na saa zake ni za UTC, saa ya dunia iliyo nyuma yetu kwa saa 3: 0700Z ni saa 4 asubuhi yetu. Nusu ya grafu zinazotumwa humu zimepotoka kwa saa 3 kwa sababu hiyo.

---

Waya_na_Soda

Kwa wanaotaka kujiundia, kihisi cha BME280 au BMP280 kinatosha kabisa kuona wimbi hili. Usahihi wake wa jumla ni takriban hPa 1, lakini kwa mabadiliko ni karibu 0.1, na sisi tunatafuta mabadiliko.

Angalieni haya. Kipande chenyewe kinataka volti 3.3, kibao kisicho na kidhibiti cha umeme ukikipa 5 kinakufa. Anwani ni 0x76 au 0x77 kutegemea mguu wa SDO umeungwa wapi, hivyo programu ikisema haioni kifaa jaribu anwani ya pili kabla ya kuuchoma upya waya kwa soda. Wauzaji wengi hutoa BMP280 kwa jina la BME280: soma namba ya utambulisho ya ndani, 0x60 ni BME na 0x58 ni BMP ambayo haipimi unyevu.

Hakuna haja ya kukiweka nje, mgandamizo wa ndani na wa nje ni uleule. Kiweke kwenye kivuli, mbali na feni, kiyoyozi na mlango unaobamizwa, na kisigusane na chipu ya Wi-Fi inayopata joto. Soma kila sekunde 5, hifadhi wastani wa dakika moja. Usihifadhi wastani wa saa peke yake, utajuta siku ya radi.

Simu zenye barometa zinafaa kujaribia tu, kwa sababu simu inatembea. Ukipanda ghorofa moja, mita 3, umeshapoteza hPa 0.35.

---

Mpenda_Mawingu

Shukrani sana wakuu. Nimewasha kuhifadhi kila dakika. Sasa hilo wimbi nalitoaje ili nione kilichobaki? Na kilichobaki kinasema nini?

---

Kusi_na_Kaskazi

Njia ya haraka ni kulinganisha na saa ileile ya jana. Saa 10 jioni leo toa saa 10 jioni jana, wimbi linajifuta lenyewe. Watabiri wa tropiki nao huangalia mabadiliko ya saa 24, wakati wenzao wa Ulaya huangalia ya saa 3.

Njia nzuri zaidi ni jedwali. Chukua siku 30. Kwa kila saa ya siku piga wastani wa siku zote, kisha toa wastani mkuu wa mwezi. Utapata namba 24, ambazo kwa Dar zitakuwa karibu na +1.6 saa 4 asubuhi, −1.6 saa 10 jioni, +0.7 saa 4 usiku, −0.7 saa 10 alfajiri. Mfano: saa 10 jioni kifaa kinasema 1011.2, jedwali linasema −1.6. Basi 1011.2 + 1.6 = 1012.8. Wastani wa mwezi ni 1013.0. Umebaki na −0.2, hakuna jambo.

Wastani mkuu uuhamishe, daima uwe wa siku 30 za karibuni. Mgandamizo wa Dar hupanda kama hPa 5 hadi 7 kutoka Februari hadi Julai, pale mgandamizo mkubwa wa kusini mwa Bahari ya Hindi unapopata nguvu na kuleta kusi. Ukishikilia wastani wa kaskazi, Julai nzima utadhani kuna maajabu.

Kuhusu mvua za kawaida, masika au vuli, usitarajie kitu. Karibu na ikweta nguvu ya mzunguko wa dunia ni ndogo, kwa hiyo tofauti za mgandamizo hazidumu, hewa inazisawazisha upesi. Mvua inaweza kunyesha milimita 60 na mabaki yako yasifike hPa 1. Kwa hizo tazama unyevu, upepo unakotoka na mawingu yanavyokua kabla ya saa 6 mchana.

Barometa inapata kazi kwenye vimbunga. Mabaharia wana kanuni ya zamani: baada ya kuondoa wimbi la siku, ukibaki hPa 3 chini ya wastani wa msimu, shuku, ukibaki 5 chini, kimbunga kiko karibu. Kwa mfano wetu, saa 10 jioni kifaa kikisoma 1007.9, ukirekebisha ni 1009.5, yaani −3.5. Usiposafisha wimbi utashuku kila alasiri, na saa 4 asubuhi, ambapo wimbi linaficha hPa 1.6, utachelewa kushuku.

Vimbunga kwetu ni nadra lakini vipo. Hidaya kiliingia pwani ya kusini mwanzoni mwa Mei 2024, na kile cha Aprili 1872 kilivunja mikarafuu na merikebu Zanzibar. Vyote ni vya Aprili na Mei, wakati ambao watu wameshaacha kufikiria vimbunga. Taarifa za TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) zitakufikia mapema kuliko barometa. Yako inakuambia tu kama kinakusogelea wewe au kinapita mbali.

---

Ziwa_Magharibi (Mwanza)

Usisahau mruko wa radi. Huku ziwani unaonekana kila msimu: hewa baridi inayomwagika kutoka kwenye wingu inatangulia mvua, ni nzito, na mgandamizo unaruka juu hPa 1 au 2 ndani ya dakika 5 hadi 10. Joto linaanguka nyuzi 5 au zaidi na upepo unageuka ghafla. Anayehifadhi kila saa anaona kanundu tu. Weka grafu za joto, upepo na mgandamizo pamoja: vikibadilika vyote kwa dakika zilezile ni radi, ukiruka mgandamizo peke yake ni mlango.

---

Waya_na_Soda

Mwenye mafaili ya zamani afungue ya tarehe 15 Januari 2022. Volkano ya Hunga Tonga ililipuka mnamo saa 1 na robo asubuhi yetu, na wimbi lake la hewa lilisafiri karibu mita 310 kwa sekunde. Kutoka kule hadi Dar ni kama kilomita 15,000, kwa hiyo angalieni kati ya saa 2 na saa 4 usiku. Toeni wimbi la siku kwanza, maana muda huo ndio mgandamizo unapanda kwenda kilele cha saa 4 na utaufunika mtikisiko.