Amemfungulia mwanangu kapsuli kwenye kijiko, kisha mchawi nikawa mimi

Wanajukwaa, naandika mikono ikiwa bado inatetemeka. Mtu huyu mnamjua nyote, kwa kuwa hakuna ukoo usiokuwa naye: ni yule ambaye vidonge vilivyomo mkobani mwake vinatosha kufungulia wodi, ambaye ukipiga chafya mara moja anakuuliza kama umeshaanza dozi, na ambaye hajawahi kushika cheti cha daktari maishani mwake.

Mwanangu wa miaka mitatu ana mafua na kikohozi cha siku mbili. Hana homa, anakula na anacheza. Leo nilitoka kuanua nguo, na niliporudi nikamkuta mtu huyo amempakata, amefungua kapsuli ya amoksilini ya miligramu 500 iliyobaki katika ugonjwa wake mwenyewe wa mwaka jana, na anamimina unga wake kwenye kijiko cha maji, akikadiria kwa jicho kwamba nusu inatosha. Kwa jicho! Nilipokinyakua kile kijiko unga ulinimwagikia kifuani, naye akasema mbele ya wageni wote: "Mchawi ni yule anayemwacha mtoto akohoe ilhali dawa ipo."

Tangu saa nane nakiona kijiko kile tu. Mafua huletwa na virusi, na antibayotiki kama hiyo ni ya kuua bakteria, haiui virusi hata ukiinywa kwa ndoo. Isitoshe, amoksilini ni ya jamii ya penisilini, na mtoto ambaye mwili wake unaikataa anaweza kuvimba koo na kushindwa kupumua muda mfupi baada ya kuinywa. Mimi mzazi wake sijui kama mwanangu ni mmoja wao, maana hajawahi kupewa. Yeye alijuaje? Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel kwamba mtu anayekunywa kiasi pungufu huwafanya vijidudu wawe sugu. Kile kijiko ndicho alichokuwa akikisema, na bado mchawi ni mimi.

Bahari Tulivu: Pole, lakini unajua kwamba mkoba wake ni duka la dawa, kisha unamwachia mtoto na kwenda kuanua nguo. Kosa la kwanza ni lako.

Mama wa Watatu: Wa kwenu ana nafuu. Wa kwetu hunyunyiza unga wa kapsuli kwenye kidonda kibichi, na mwezi uliopita usaha ulitunga chini ya lile gamba jeupe hadi kidonda kikapasuliwa.

Mtu wa Maabara: Kijiko hukukiona kikinywewa, mimi naona matokeo yake kila siku. Naotesha bakteria wa mkojo kwenye sahani, naweka juu yake vikaratasi vya duara vyenye dawa, na kesho yake nakuta wameota hadi ukingoni mwa karatasi kana kwamba hakuna kitu. Ukimhoji mgonjwa, anasema hunywa antibayotiki ya siprofloksasini kila anapohisi kuungua, na huacha siku ya pili akipata nafuu. Mwaka 2019 bakteria sugu waliua moja kwa moja watu wanaokadiriwa kuwa milioni 1.27 duniani.

Mleta mada: Nawashukuru, lakini naomba turudi kwenye kijiko. Ameniita mchawi mbele ya wageni na hajaniomba radhi.

Jirani Mwema: Kijiko kimeshamwagika. Mtuambie hao wote wanauziwa na nani. Mimi niliomba dawa ya kikohozi, muuzaji akanikatia vidonge vitatu vya azithromaisini, antibayotiki nyingine, kwa mkasi, kwenye kipande kisicho na jina wala tarehe ya kwisha muda, bila kuniuliza hata kama nina mimba. Nilipomuuliza habari ya cheti, akaniuliza kama nimefuata dawa au nimefuata maswali.

Mama wa Watatu: Huyo wa mkasi ndiye hasa wa kufunguliwa uzi hapa jukwaani! Wa kwetu hukata kidonge kimoja kimoja, na ukitaka vya siku saba anakwambia anza na viwili, ukiona havisaidii urudi.