Naomba ushauri: wanafunzi wanatupa sisi walimu alama mtandaoni bila kujitaja

Habari za jioni wakuu. Nafundisha hesabu sekondari. Wanafunzi wetu wamefungua chaneli ya Telegram ya kuwapa walimu alama, na hakuna anayejitaja. Maoni mengine ni ya kweli kabisa: "Anafuta ubao hatujamaliza kunakili." Nani angethubutu kulisema hilo darasani? Ila chini yake mwalimu mwenzetu wa kike anakejeliwa umbo lake, na hapo damu inanichemka.

Mkuu wa shule anataka wasakwe, wasimamishwe masomo. Naona tutaziba na midomo yenye hoja. Hata Ulaya mahakama zilipishana: Paris mwaka 2008 iliamuru majina ya walimu yaondolewe kwenye note2be, tovuti ya wanafunzi kuwapa walimu alama, ila mwaka 2009 mahakama ya juu Ujerumani ikamkatalia mwalimu aliyeishtaki Spickmich, tovuti kama hiyo, baada ya kupewa 4.3, ambapo 1 ndiyo bora na 6 ndiyo mbovu.

Nafikiria kupendekeza fomu za karatasi zisizo na majina kila mwisho wa muhula. Mliojaribu, wanafunzi waliziamini? Na huyu dada tumsaidieje kabla ya kikao cha Ijumaa?