Umewahi kumsalimia mtu usiyemjua, ikawaje? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za muda huu.

Nimehamia Dar nikitokea Iringa, na kitu kinachonishinda kuzoea siyo joto wala foleni ya Mbagala, ni watu kupishana utadhani hawaonani. Kule kwetu ukikutana na mtu njiani, awe anatoka shamba jembe begani au anateremka na mzigo wa kuni, mnapeana "kamwene" kwanza, mengine baadaye. Kijana akimpita mzee kimya kimya, kabla jua halijazama habari imeshamfikia baba yake. Hapa mjini nimemsalimia kaka mmoja kituoni, badala ya kuitikia akashika mfuko wenye simu.

Msimamo wangu: salamu haina bei, na inakupa macho ya watu. Anayekusalimia kila asubuhi ndiye atakayeuliza "yule mbona simwoni siku hizi?" Mwenye kisa, kiwe cha faida au cha kumponza, akiweke hapa. Nawasilisha.

Mlinzi wa Zamu
Mkuu, umegusa kazi yangu. Nalinda geti la jengo la ofisi pande za Posta. Asubuhi watu wanaingia macho kwenye simu, kitambulisho wananinyooshea bila kunitazama. Ila kuna dada mmoja wa ghorofa za juu, yeye lazima asimame: "Shikamoo baba, umeamkaje, usiku umepitaje?" Na jibu analisubiri. Akitoka jioni ananiaga.

Basi siku moja mchana akaja kijana na pikipiki, hajavua helmeti, anasema katumwa na huyo dada, jina analitaja sawasawa, eti achukue begi lake mapokezi. Nikajisemea, huyu dada hapiti hapa bila kuniambia anakwenda wapi, leo atume mtu asinidokeze? Nikamwambia kijana angoje, nikaingia ndani kupiga simu ya mapokezi. Dada yuko kwenye kikao, hajamtuma mtu. Narudi getini, naona vumbi tu. Angetaja jina la mmoja wa wale wa kunyoosha vitambulisho, ningemruhusu, maana tabia zao nazijulia wapi?

Binti Temeke
Nyie wanaume mnaongea raha sana. Mwanamke akiitikia salamu kituo cha daladala, ya pili ni "mrembo unakaa wapi", ya tatu namba ya simu. Usipoitikia: "unaringia nini na sura yenyewe hiyo!" Mimi nawasalimia akina mama, wazee, watoto wa shule, na konda nikimfahamu. Kijana aliyelalia bodaboda nampita kama mlingoti wa umeme, na usingizi napata vizuri tu.

Mleta uzi
Dada, hapo sina la kubisha. Salamu yenye ajenda ni mtego.

Mtu wa Wete
Huku kwetu visiwani hili lina utaratibu wake, na tumefundishwa chuoni, yaani madrasa, tungali wadogo: aliyepanda chombo amsalimie anayetembea, anayetembea amsalimie aliyekaa, wachache wawasalimie wengi. Kwa hiyo wewe mpita njia ndiye unayeanza. Wazee wa barazani hawakuandami, wanakutazama tu waone umelelewa wapi.

Mimi nililelewa Unguja. Nilipokwenda Pemba kumtafuta mjomba wa marehemu mama, simu imezima chaji, jina la nyumba sina. Nikakuta wazee wanacheza bao. Nikatoa salamu, wakaitikia wote, nikauliza hali, nikangoja mchezo ufike pahala pa kupumua. Mmoja akaniuliza mimi mtoto wa nani. Nikamtaja mama, nikamtaja na babu. Kete zikawekwa chini. Kumbe yule aliyekuwa anafungwa ndiye mjomba mwenyewe! Mchana nikala wali wa nazi na pweza. Sasa mtu anayefika na "oyaa, kwa fulani wapi?" ataelekezwa, ndio, lakini ataelekezwa mpaka baharini.

Kijana wa Mitumba
Na mimi nitoe tahadhari. Nilimpa shikamoo dada muuza magauni pale Karume. Akanitazama juu mpaka chini: "Nimekuzaa mimi?" Gauni la elfu nane likawa la elfu kumi na tano papo hapo. Tangu hapo mwanamke ambaye umri wake una utata namwambia "za saa hizi", narudi nyuma hatua moja.

Mzee Kijana
Mnakumbuka Machi 2020? Rais Magufuli na Maalim Seif walipogonganisha miguu Ikulu badala ya kupeana mikono, mtaani kwetu ikawa ni mateke tu. Hata watu tusiojuana tukawa tunarushiana mguu na kucheka. Corona ilituondolea mkono, salamu ikabaki.

Mbeba Boksi
Niko Ujerumani ya kusini. Niliambiwa wazungu hawasalimiani. Nimeingia chumba cha kusubiri daktari, akaja bibi mmoja na mkongojo, "Guten Tag", anakiambia chumba kizima. Wote wakaitikia, kila mtu akarudi kwenye gazeti lake. Anayeitwa ndani naye anaaga. Ukipanda milima ya Bavaria, mtu usiyemjua kabisa anakupa "Grüß Gott" njiani. Lakini watu hao hao ukiwakuta kwenye treni Munich, hakuna anayemtazama mwenzake. Kwa hiyo mleta uzi, sidhani watu wa Dar wana roho mbaya. Njia ikiwa moja na watu wachache, mtasalimiana. Ukitaka kusalimia kila mtu pale Kariakoo, utafika lini?

Mleta uzi
Sijasema kila mtu, mkuu. Nimesema jirani wa kiti. Tunatoka Mbagala mpaka Posta tumebanana mabega na hata "za asubuhi" hakuna?

Mgeni Jijini
Swali kwa wazoefu. Ukisalimia mtu asiitikie, unarudia au unaacha?

Mlinzi wa Zamu
Narudia mara moja, kwa sauti. Akinyamaza tena namfungulia geti, kazi ni kazi.

Binti Temeke
Mtazameni masikioni kwanza kabla hamjanuna. Nusu yao wanasikiliza muziki.