Naomba ushauri: mwenzetu kazini amegeuka mbaguzi tangu mwanasiasa aanze kuwasema wageni

Bintisaidi:
Wakuu, kazini tuko watu wa rangi na asili tofauti, na siku zote tumeishi vizuri. Kuna kaka mmoja, mchapakazi, ukikwama yeye ndiye wa kwanza kukusaidia. Sasa tangu mwanasiasa mmoja mkubwa aanze kuwaita wageni wezi majukwaani, huyu kaka kabadilika. Alianza na utani. Juzi wakati wa chakula akamwambia dada mmoja mgeni, mbele ya watu, "Nyie siku zenu zinahesabika." Wawili watatu wakacheka. Dada wa watu akainama, akawa anakoroga chai ambayo sukari ilishayeyuka zamani. Nilipomuuliza kaka, akanijibu: "Kwani nimesema mimi? Si kiongozi kasema!"

Hivi alikuwa na chuki hii siku zote, au kaambukizwa? Na nianzie wapi: kwake, kwa bosi, au kwa yule dada?

Mwanahoja:
Pole dada. Inawezekana kabisa alikuwa nayo, kilichoondoka ni aibu. Wachumi Bursztyn, Egorov na Fiorin walilipima hili Marekani mwaka 2016. Waliwapa watu nafasi ya kulichangia shirika linalopinga wahamiaji. Wengi zaidi walikubali pale ilipokuwa siri kuliko pale walipojua kuna mtu atajua. Lakini walioambiwa kwamba Trump ana uhakika wa kushinda jimboni kwao, tofauti hiyo ikatoweka. Sirini waliokubali hawakuongezeka. Hadharani ndiko walikoongezeka.

Jiwe la Pembeni:
Basi mnampa mwanasiasa uzito asiostahili. Kama chuki ilikuwemo, afadhali itoke tumjue nani ni nani. Na kuna watafiti wawili, Hopkins na Washington, waliowafuatilia Wamarekani walewale kwa miaka kadhaa: baada ya uchaguzi wa 2016 alioshinda Trump, chuki ya Wazungu dhidi ya watu weusi ilipungua, haikupanda. Wapo wanaosikia maneno hayo wakachukizwa, wakajitenga nayo.

Msafiri:
Jiwe, nakuheshimu, ila hapo sikubaliani nawe. Tarehe 21 Februari 2023 Rais Kaïs Saïed wa Tunisia alisema ujio wa wahamiaji kutoka kusini mwa Sahara ni njama ya kubadili sura ya nchi. Siku chache tu baadaye watu weusi wakawa wanafukuzwa kwenye nyumba walizopanga, wengine wakashambuliwa mitaani. Guinea na Côte d'Ivoire zikatuma ndege kuwachukua raia wao. Aliyelala nje ya ubalozi na watoto, kumjua mbaguzi wake kunamsaidia nini? Wastani wa taifa unaweza kushuka na huku wachache waliopata ujasiri wakamuumiza jirani yao.

Mama Tumaini:
Dada, anza na huyo aliyeumizwa. Mvute pembeni, muulize anataka nini. Usimpeleke kwa bosi kama hajaridhia, yeye ndiye atakayebeba matokeo.

Kaka akirudia, mjibu palepale, kwa sentensi moja: "Huyu ni mwenzetu, maneno hayo hapa hapana." Usibishane naye siasa, mtafika jioni. Waliocheka wanahitaji kusikia kwamba kuna anayepinga. Mwaka 2008 kwenye mkutano wa kampeni za urais Marekani, mama mmoja alisema hamwamini Obama kwa kuwa ni Mwarabu. John McCain, aliyekuwa akigombea dhidi ya Obama, akachukua kipaza sauti akamkatalia: hapana, ni mtu mwema mwenye familia yake. Jibu lilikuwa na kasoro, maana Mwarabu naye ni mtu mwema, lakini alilitoa mbele ya wafuasi wake mwenyewe, na baadhi yao walikuwa wakizomea.

Ukimpata kaka faraghani, usimwite mbaguzi. Mwambie ulichokiona usoni mwa yule dada. Na kauli ile ya "siku zenu" ni tishio. Andika tarehe na waliokuwepo.

Bintisaidi:
Asanteni sana, na Jiwe pia. Kesho naongea na dada kabla ya kazi kuanza. Nitaleta mrejesho.