Tulichangishwa hela ya kibali cha droni Maporomoko ya Sanje, kumbe kibali hakipo

Wakuu, heshima kwenu.

Jambo hili nimekaa nalo wiki mbili nikidhani hasira zitapoa. Hazijapoa, na juzi zimewaka upya kwa kitu nitakachokieleza huko chini. Uzi ni mrefu, nivumilieni.

Mwezi wa sita ulipoanza niliona tangazo kwenye status ya jamaa mmoja anayeandaa safari za wapiga picha. Simtaji jina wala kampuni yake. Tuliokwenda naye tunamjua, na yeye akisoma atajijua. Tangazo lilisema siku mbili Udzungwa, lengo kubwa Maporomoko ya Sanje, nafasi 12, "vibali vyote tayari, cha droni kikiwemo". Bei laki mbili na themanini. Chini yake kukawa na mstari mwingine: kila mtu aongeze elfu arobaini ya kibali cha droni, awe na droni asiwe nayo, kwa kuwa video za angani tutagawana wote.

Mimi sina droni. Nina kamera moja ya mtumba, lenzi mbili na stendi ya miguu mitatu ambayo mguu mmoja nimeufunga kwa mpira wa baiskeli. Lakini Sanje naitamani tangu nikiwa mdogo, kila tukipita na basi la Ifakara nachungulia dirishani kuona ule mstari mweupe katikati ya msitu. Nikasema nalipa.

Kabla ya kutuma hela nilimuuliza vizuri kuhusu hicho kibali, maana droni kwetu hairushwi kienyeji. Kuna kanuni za mwaka 2018 zinazosimamiwa na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, chombo kinasajiliwa na kinaombewa kibali, na ukitaka kukirusha ndani ya hifadhi ya taifa TANAPA, wenye kusimamia hifadhi za taifa, nao lazima wakuruhusu. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, ninao mpaka leo: "Kaka ondoa wasiwasi, karatasi zote ziko mkononi."

Watu 12 mara elfu arobaini ni laki nne na themanini elfu. Ishikeni hiyo hesabu.

Sasa niwaeleze kidogo Sanje ni wapi, maana kuna watu wanafikiri ni bwawa la kuogelea lenye geti. Hifadhi ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, makao yake yako Mang'ula, kwenye barabara ya Mikumi kwenda Ifakara. Hakuna barabara ya gari ndani ya msitu. Unatembea. Maporomoko yenyewe yanashuka karibu mita 170 kwa ngazi tatu, na ukifika juu unaona bonde la Kilombero lote chini yako, mashamba ya miwa mpaka macho yachoke. Kuna kima anaitwa ngolaga. Wataalamu walimtambua mwaka 1979 tu, wakati wenyeji walishakuwa na jina lake siku nyingi. Haishi popote pengine duniani, ni kwenye milima hii tu, na wataalamu wakampa jina la Sanje. Yaani tulikwenda kwenye nyumba yake.

Safari ya kwenda sina la kulalamika. Tulilala Mang'ula, asubuhi tukawahi kituo cha kuanzia kupanda. Pale askari wa hifadhi akauliza waziwazi, "Kuna mwenye droni?" Mwandaaji akajibu, "Hapana afande, kamera za kawaida tu."

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Nilisikia. Nikajiambia labda kibali kimepitia ofisi nyingine, labda droni imeachwa mpaka kesho. Nikanyamaza. Hilo ni kosa langu na naliweka hapa mwanzoni, kwa sababu siwezi kumdai mtu ukweli huku wangu nimeukalia.

Tukapewa mwongozaji, kijana wa palepale Sanje. Mpole, anajua mti hadi mti. Njiani alitusimamisha mara mbili kutuonyesha mbega wekundu, akatuomba tushushe sauti, na watu wakatii.

Tulifika chini ya maporomoko jua bado changa. Wale wanaopiga picha watanielewa: ukuta wa Sanje unatazama mashariki, jua likishapanda linapiga maji moja kwa moja na ule weupe unaungua, picha inabaki na kitambaa cheupe kisicho na uzi hata mmoja. Siku ile tulipata wingu. Wingu jembamba, mwanga umetulia, majani yamelowa na hayang'ai. Nikafunga filta nyeusi ya kupunguza mwanga, nikaiacha shata wazi sekunde moja kwa kila picha. Mvuke unarudi kwenye lenzi kila baada ya picha mbili, unafuta, unasubiri, unapiga tena. Upande wa kulia wa kijito kulikuwa na kundi la ngolaga wameshuka chini kabisa, wanapekua majani makavu kwa mikono kama mama anayechagua mchele. Mmoja alikuwa na mtoto kifuani. Nilikuwa nimepiga picha tano. Tano tu.

Ndipo nikasikia mlio. Kama mashine ya kunyolea iliyowashwa nyuma ya sikio lako. Nageuka, droni inapaa kutoka juu ya jiwe, na begi ilimotoka liko wazi, kumbe ilikuwa imefichwa katikati ya mifuko ya mikate.

Kwa wale watakaosema droni haina madhara, haigusi mtu: katika msitu ule kuna tai mkubwa mwenye ushungi anayewinda kima. Kima tangu azaliwe anajua kitu kikitokea juu kwa kasi maana yake ni kifo. Yeye hajui kama ni kamera. Kundi lile lilipiga kelele mara moja, wote kwa pamoja, halafu likapasuka vipande viwili. Yule mwenye mtoto aliruka kuvuka kijito, akashika tawi lililolowa mvuke, mkono ukateleza. Akabaki ananing'inia kwa mkono mmoja, mtoto amejibana tumboni, na chini yao ni mawe. Nilihesabu moyoni bila kujua nahesabu. Akajivuta, akapanda, akapotea. Vipande viwili vya kundi viliendelea kuitana kutoka pande mbili za maji mpaka tunaondoka.

Mwongozaji alikimbia. "Kaka, shusha hicho chombo sasa hivi."

Mwandaaji, macho kwenye rimoti: "Dogo, kazi yako ni kutuonyesha njia."

Kijana akamjibu bila kupaza sauti, "Jina lililoandikwa kwenye daftari la leo ni langu, kaka."

Jamaa akatoa noti ya elfu kumi, akamnyooshea hata bila kumtazama, "ya soda". Kijana hakuipokea. Ile noti ilibaki hewani mpaka mwenye nayo akaona aibu akairudisha mfukoni. Mimi nina miaka 41, nimeona dharau nyingi kazini, ila ile imenikaa kooni mpaka leo.

Badala ya kushusha, akaipeleka droni ipande sambamba na maji yanayoanguka, ati apate "shoti moja ya mwisho". Mtu yeyote aliyerusha droni mara tatu angemwambia asifanye hivyo. Maji yanapoanguka kutoka juu vile yanashuka na upepo wake, na ule upepo unakisukuma chombo chini. Sensa za tumboni zinategemea kuona kitu kilichotulia. Ukizionyesha maji yanayochemka zinachanganyikiwa. Setilaiti nazo unazipata chache ukiwa umebanwa kati ya mwamba na miti. Mvuke unaingia kwenye mota. Ikaanza kuyumba, yeye akapaniki akabonyeza kitufe cha kuirudisha nyumbani. Kitufe kile kinafanya kilichoagizwa: kinaipandisha kwanza wima mpaka urefu uliopangwa, ndipo irudi. Juu yake kulikuwa na matawi.

Tulisikia panga za droni zikikata majani, kisha kimya, kisha mlio mmoja wa kitu kikigonga mwamba. Ikadondokea kwenye mpasuko nyuma ya pazia la maji, mahali ambapo hafiki mtu bila kamba. Kwa hiyo sasa hivi unaposoma, betri ya lithiamu imelala ndani ya maji ya Sanje, maji ambayo chini kuna watu wanachota na wanafulia. Hakuna aliyekwenda kuitoa. Mwandaaji alichosema ni, "Aisee, milioni tatu yangu imeondoka."

Milioni tatu yake!

Yaliyofuata nayapitia haraka. Mwongozaji alitushusha wote, kama alivyopaswa. Askari wakatuweka kituoni kuandika maelezo, mmoja mmoja. Waliifanya kazi yao kwa ustaarabu kabisa, hilo nalisema wazi ili mtu asije akageuza uzi huu kuwa wa kuwasema wao. Hapo ndipo walipoomba kibali. Mwandaaji akapekua simu, akapekua begi, akapekua simu tena. Mwisho akasema kiko "kwenye mchakato". Ratiba ya mchana ikafa, ya kesho yake ikafa, tukarudi usiku na hakuna aliyesema neno ndani ya gari.

Nilipofika nyumbani niliandika kwenye kundi letu la WhatsApp, kwa adabu: naomba turudishiwe ile elfu arobaini, maana kitu tulicholipia hakikuwepo. Akajibu kwamba hela ilitumika "kufuatilia". Nikamwomba risiti ya huko alikofuatilia. Akanitoa kwenye kundi.

Ningeweza kuishia hapo. Elfu arobaini si hela ya kugombania mwezi mzima. Ila juzi asubuhi nafungua simu nakuta ameweka tangazo jipya. Safari ya mwezi wa tisa, Sanje tena, kibali cha droni sasa ni elfu hamsini kwa kila mtu. Na video aliyoitumia kutangaza ni ileile! Ile yenye ubora mdogo inayobaki kwenye simu hata droni yenyewe ikipotea. Sekunde ishirini hivi. Inaanza na maji, kisha kamera inainama, na pale kona ya kulia, ukitazama vizuri, unawaona ngolaga wanakimbia. Ameweka muziki. Ameandika, "Hata wanyama wametusalimia."

Wakuu, wanyama walikuwa wanakimbia kuokoa roho zao. Mama alikuwa ananing'inia na mwanawe juu ya mawe. Huyu mtu alikuwepo, masikio anayo, alisikia zile kelele. Anajua. Na anaiuza.

Kuna rafiki yangu kaniambia naonea wivu droni kwa sababu sina. Hapana. Nimeona kazi nzuri za droni za milima yetu, zilizopigwa na watu waliofuata taratibu, wakakaa na askari, wakaambiwa saa gani na upande gani, wakarusha juu ya msitu badala ya kuisukuma kwenye nyuso za wanyama. Ninachogomba ni mtu kuchukua hela za watu kwa jina la kibali, kumdanganya askari mbele yetu, kumdharau kijana aliyekuwa anatulinda sisi na ule msitu, kuacha betri kwenye maji ya watu, kisha kurudi kuuza upya.

Ninachotaka ni hiki. Laki nne na themanini elfu irudi kwa waliochanga. Ile video ishuke. Arudi Mang'ula kwa gharama zake, aende kwa wahusika aseme droni ilidondoka wapi hasa ili itolewe salama, na akiwa hukohuko amwombe radhi yule mwongozaji, ana kwa ana, mbele ya wenzake. Na wewe uliyeshalipia safari ya mwezi wa tisa, mwombe akuonyeshe karatasi yenyewe: jina lake, namba ya usajili wa droni, tarehe, na ruhusa ya hifadhi. Usikubali ujumbe wa sauti. Mimi nilikubali.

NYONGEZA: Mdau mmoja ameniuliza kama nilipata picha yoyote. Ninazo 14. Zile tano za kwanza zimetulia, unaweza kuhesabu majani. Kuanzia ya sita, upande wa kulia matawi yote yametoka ukungu, kwa sababu kwa sekunde ile moja shata ilipokuwa wazi kulikuwa na kima wanaruka juu yake. Sikuzifuta. Nitaziweka hapa jioni nikifika kwenye kompyuta, pamoja na ule ujumbe wa sauti.

NYONGEZA YA PILI: Wenzangu wanne tuliokwenda nao wamenitafuta PM, wote wana miamala yao ya malipo. Tuko watano sasa. Mkuu, najua unasoma, umeshaanza kufuta maoni ya watu kwenye tangazo lako. Namba yangu unayo.