Betri ya waya tatu: waya wa kushoto upite kwenye vena au ukutani?

Mchwa_Wete: Assalamu alaykum. Ami yangu moyo umedhoofika, Dar wanataka kumtia betri ya waya tatu, ile ya kuendesha mapigo ya moyo. Ametajiwa njia mbili: waya wa kushoto upite kwenye vena ya nje ya moyo, au uskurubiwe ukuta wa kati ushike tawi la kushoto la njia ya umeme wa moyo. Ipi bora?

Ng'ambo_ECG: Wa alaykumu salaam. Hujasema kitu bado. QRS (upana wa wimbi la umeme la moyo kwenye ECG, kwa milisekunde) ngapi? Limeziba tawi lipi? EF (asilimia ya damu moyo unayoisukuma kila pigo)? Ana kovu la shambulio la moyo? Atria, vyumba vya juu vya moyo, zinatetemeka?

Mchwa_Wete: QRS 162, EF 28. Mengine sikuuliza.

Bi_Mlandege: Kwa 162, ikiwa ni tawi la kushoto, betri inamfaa hasa. Mie nashikilia vena, ushahidi wake wa miaka mingi. Ila waya ukae ubavuni au nyuma ya ubavu, usishuke kwenye ncha ya moyo. Uchambuzi wa 2011 wa MADIT-CRT, utafiti wa betri hizi, ulionesha wa nchani hufanya vibaya.

Kisima_Mkoani: Vena huichagui, unaikuta. Yuko mgonjwa alowekewa waya wa vituo viwili vya kutolea umeme, mezani kila kitu sawa. Usiku akilalia ubavu wa kushoto, kiwambo, msuli wa kupumulia, kinaruka kila pigo, mfano wa kwikwi, kwani neva yake inapita juu ya vena ile ile. Moyo ulishika, yaani uliitikia umeme wa betri, kwa volti 2.5, neva ikaamka kwa 3. Wakashusha volti, kwikwi ikatulia. Baadaye waya ukarudi nyuma kidogo, moyo haushiki tena, watu wanalaumu dawa. Kuufungua mfuko wa betri upya kunaongeza hatari ya maambukizi. Wangejaribu volti 10 pale pale mezani, waone kama neva inaamka!

Ng'ambo_ECG: Ndiyo maana ya waya wa vituo vinne, kituo kinabadilishwa kwa programu bila kisu. Wa ukutani nao una yake: ukizidishwa kuskurubiwa hutokeza chumba cha kushoto, na kovu nene haliupitishi. Ukishika tawi, V1 (kituo cha ECG cha kifuani) inaonesha qR, yaani kishimo kidogo kisha kilima kirefu.

Bi_Mlandege: Na atria zikitetemeka, asilimia ya mapigo yanayoendeshwa na betri hushuka. Inatakiwa ipite 98.

Mchwa_Wete: Anauliza msimu wa karafuu atapanda?

Kisima_Mkoani: Mkono wa upande wa betri usipite bega wiki 4 mpaka 6. Mkarafuu wataka mikono yote miwili, yakhe.

Bi_Mlandege: Achume za chini basi.

Ng'ambo_ECG: Mchwa, la kovu umeliuliza?