Mrejesho: Neno "dedlaini" lilianzia wapi

Wakuu, niliuliza kwa nini Kiingereza kiliunganisha "mfu" (dead) na "mstari" (line) kupata "deadline", kutaja siku ya mwisho ya kukabidhi kazi. Asanteni sana mlionielekeza kwenye Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Nimefuatilia, na habari yenyewe inaumiza.

Mwaka 1864, kwenye kambi ya mateka wa vita ya Andersonville, jimbo la Georgia, kulikuwa na uzio mfupi wa mbao hatua chache ndani ya ukuta wa magogo. Mateka aliyeuvuka alipigwa risasi na walinzi waliokaa kwenye vibanda juu ya ukuta. Uzio huo ndio ulioitwa "dead line". Karibu mateka 13,000 walifia humo, wengi kwa maradhi na njaa; mkuu wa kambi, Henry Wirz, alinyongwa Novemba 1865.

Baadaye wapiga chapa walilitumia neno hilo kwa alama ya mtambo wa kuchapia ambayo maandishi yakiipita hayatoki. Kufikia miaka ya 1920, waandishi wa magazeti wa Marekani walikuwa wakilitumia kwa maana ya muda. Kwa hiyo mliosema lilizaliwa magazetini, magazeti yalilikuta lina zaidi ya nusu karne.